Kuku Aliyetembea Kabla ya Mkono Wangu

Baba,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba haya nitakayoyaandika yabaki kwako. Usimwambie mtu. Zaidi ya wote, usimwambie Baba Mdogo. Najua huwa unamjia usingizini. Mwenyewe hutuambia, akinywa uji, kwamba kaka kanijia, kaka kanionyesha mti huu, kaka kanikataza dawa ile. Ukimjia tena ongea naye habari za shamba, ongea naye habari za minazi inayokauka, lakini habari ya kuku usiitaje. Nakusihi. Heshima ya Mama imo humo.

Shikamoo, Baba.

Utaniwia radhi kwa mwandiko huu. Sijapata kukupa hata kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto, na leo barua nzima naiandika kwa huo huo. Wa kulia umelala juu ya mto, umevimba, vidole vitatu vimekufa ganzi: gumba, cha shahada na cha kati. Ndivyo vidole vya kushikia kalamu. Ndivyo pia vya kumegea ugali, kwa hiyo tangu niumie sijala sinia moja na watu. Hula peke yangu, uso nimeugeuzia ukuta, au Mama akiwapo hunilisha kama mtoto, nami hujifanya sina njaa.

Kila nikimaliza mstari nausoma kwa sauti ya chini, kama nilivyokuwa nakusomea barua za watu pale barazani kwetu, kijijini Janga, maana herufi hizi za shule hukuzijua. Ulizozijua wewe ni za msahafu. Mgonjwa wa kitanda cha pili anaona midomo yangu inacheza, anadhani naomba dua. Mwache adhani. Kusema kweli naomba.

Kesho asubuhi nitapasuliwa mkono.

Nimeyaandika, na bado sijayaamini. Niko Dar es Salaam, hospitali ya mjini, wodi ya wanaume. Karatasi ya kukubali kupasuliwa nimeshaitia sahihi, peke yangu, bila mzee wa kunisimamia. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko kisu. Katika ukoo wetu nani alipata kufungwa hata kidonda bila mkubwa wake kusema haya, tendeni? Wewe haupo. Anayekaa mahali pako ni Baba Mdogo, na Baba Mdogo ndiye nisiyeweza kumwomba. Nitakueleza kwa nini. Nieleze taratibu, nisije nikaruka neno.

Tangu kichomi kilipokuchukua, mengi yamegeuka. Nimepandishwa kazi pale boma la Kisarawe. Sipeleki tena barua za watu, nakaa mezani naziandika. Mama yuko Janga. Hataki kuhamia kwangu, anauliza nani atafagia kaburi lako. Mkoba wako wa vibanzi ameurithi Baba Mdogo, na watu wenye mifupa iliyovunjika wanamjia kutoka Mlandizi na Mbwawa kama walivyokuwa wanakujia wewe. Sikumwonea wivu hata siku moja. Unakumbuka ulivyonijaribu? Ulivunja kigae cha chungu, ukavitia vipande ndani ya kitambaa cha kaniki, ukaniambia niviunge kwa vidole bila kutazama. Nikahangaika mpaka jasho likanitoka. Nikachungulia. Hukunikaripia. Ulicheka tu, ukasema, "Vidole vyako ni vya kalamu, mwanangu. Kalamu nayo ni kazi." Baba Mdogo alikuwa ameketi kando, akavichukua vile vipande, akaviunga huku anasimulia habari nyingine kabisa.

Basi mwisho wa masika nilikuwa natoka Kisarawe kuja nyumbani kwa baiskeli ya ofisi. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Kwenye mteremko gurudumu la mbele likazama mferejini, nikaruka juu ya usukani, nikatanguliza mkono nisiangukie uso. Nilisikia bua la muhindi likivunjwa, nikatazama mahindi yako wapi, hayapo. Nikautazama mkono. Kifundo kilikuwa kimepanda juu na kushuka tena, kama mgongo wa upawa.

Watu wema walinibeba mpaka Janga. Baba Mdogo alifanya yote uliyokuwa ukifanya. Alifumba macho, akapapasa. Akamwambia Mama anishike kwenye kiwiko, naye akavuta vidole, polepole, kisha ghafla, nikalia kama sina cheo. Akapaka mafuta ya nyonyo, akafunga vibanzi vya mianzi kwa vitambaa vya kaniki, si kwa kukaza sana. Alinibonyeza kucha kuona kama damu inarudi. Mpaka hapo sina neno la kumlaumu, na hata sasa sina.

Kisha akaomba kuku wa ada. Mama akamtoa tembe wake wa rangi ya majivu, yule wa uzao wa kuku uliomletea kutoka Mlandizi. Baba Mdogo akamvunja mguu, akamfunga vibanzi vidogo kama vyangu, akamweka jikoni. Akasema maneno yako yale yale: "Mfupa wa kuku ndio saa yetu. Akitembea bila kuchechemea, tunafungua."

Nikakaa nyumbani kumsubiri kuku apone. Mimi niliyesoma, Baba, kila asubuhi nilikuwa naanzia jikoni kabla ya kunawa uso. Kule boma Bwana Shauri, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa ameniwekea kijana mwingine kitini pangu, wa kunishikia kwa muda, na wa kunishikia kwa muda ukimwachia kiti sana hakiachi. Nilimtazama yule kuku kwa hasira, alivyokuwa anaburuta mguu.

Halafu asubuhi moja alitembea. Tena alikimbia. Baba Mdogo alikuwa amekuja kunitazama, amekaa na bakuli lake la uji, mara tembe wa majivu huyo, katoka jikoni, kitambaa kinaning'inia mguuni, kapita mbele yetu anakimbilia pumba. Baba Mdogo aliweka bakuli chini. Akasema hajaona mfupa wa haraka namna ile, kwamba ni baraka zako, kwamba kaka anafanya kazi na sisi. Akanifungulia vibanzi siku ile ile. Nilifurahi mno, sikumwona Mama. Sasa ndiyo nakumbuka kwamba alikuwa amesimama mlangoni na ungo, na hakupiga kigelegele.

Nikarudi Kisarawe. Siku za mwanzo mkono uliuma, nikasema ni uvivu wa kukaa. Nikaandika. Herufi zilikuwa zinanikimbia lakini zilisomeka. Halafu nikainua furushi la majalada kutoka rafu ya juu, na mkono ukaniachia. Haukuvunjika kwa kishindo. Ulilegea, kama tope linavyolegea chini ya mguu. Majalada yakamwagika. Yule kijana wa kitini pangu akayaokota moja moja kwa adabu, na adabu yake iliniuma kuliko mfupa.

Dresa wa Kisarawe, yule msaidizi wa daktari, alinitazama akasema jambo hili si la kwake, niende mjini. Nilipita Janga kuchukua nguo. Mama alikuwa ananifungia mzigo, anafunga fundo, analifungua, analifunga. Ndipo akaniambia.

Yule tembe wa kwanza alichukuliwa na kicheche. Alikuta manyoya asubuhi jikoni. Unajua wanavyosema kwetu, kuku wa mgonjwa akifa, mgonjwa naye ana safari. Mama hakuweza kulitamka hilo mbele ya mtu, wala mbele yangu, wala mbele ya Baba Mdogo. Akatoka kabla jua halijapanda, akaenda kwa miguu mpaka Mlandizi, akazunguka mpaka akapata tembe wa rangi ile ile ya majivu. Mzima, miguu yake yote miwili. Akamfunga vibanzi na kitambaa ili aonekane ndiye. Alikusudia amfungie pale pale mpaka siku zipite, lakini kuku mwenye miguu mizima humfungii siku zote, akajifungua mwenyewe. Na Baba Mdogo alipofurahi vile, Mama aliona akisema neno ataniua, na asiposema neno ataniua vilevile. Akanyamaza.

Akaniambia, "Nilikuwa nakukimbiza na kifo, mwanangu. Sikujua nakukimbiza na mkono wako."

Nilimshika bega kwa huu wa kushoto. Akaniapisha nisimwambie Baba Mdogo, kwamba afadhali afe kuliko shemeji yake ajue kwamba ameichezea kazi ya marehemu. Nikaapa. Sasa unaelewa, Baba, kwa nini sikuweza kwenda kumwambia, "Baba Mdogo, nipe radhi, mkono ulioufunga unakwenda kufunguliwa na watu wengine." Angeuliza umekosea wapi. Ningesema nini? Ningemwacha aamini ni mikono yake?

Daktari ni Mzungu wa makamo, hasemi sana, Kiswahili chake ni cha kuamrisha lakini sauti ni ya pole. Aliipiga mifupa yangu picha, akaisimamisha kwenye dirisha niione. Sikutaka kuiona. Alinionyesha pale mfupa mkubwa wa mkono ulipovunjika karibu na kiungo, vipande vikaingia mpaka ndani ya kiungo chenyewe, kisha vikaungana vimelala upande, vifupi, vimebana mshipa wa fahamu unaokwenda vidoleni. Ndiyo maana ya ganzi. Akasema atapasua, atauvunja tena mfupa pale ulipoungana vibaya, atauinua mahali pake. Patabaki pengo. Pengo hilo atalijaza kwa kipande atakachokichukua kwenye mfupa wa nyonga yangu mwenyewe. Halafu atapitisha vyuma vyembamba kushikilia vipande visiteleze, na juu ya yote plasta gumu ambalo wagonjwa hapa wanaliita hogo. Vyuma nilivishika. Vinafanana na spoku za baiskeli. Nikawaza, baiskeli imenivunja na sasa inaniingia.

Nikamwuliza kama nitaandika tena. Akasema, "Nadhani." Nikamwuliza nisipokubali. Akasema ganzi itazidi, na mkono utakauka. Nikamwuliza kama hutokea mtu akapasuliwa, kidonda kikaoza, mkono ukakatwa. Akasema hutokea. Afadhali angenidanganya. Kule kwetu wangenidanganya.

Halafu kuna dawa ya usingizi. Wanakufunika pua unavuta, unakwenda. Ninaogopa sana mahali hapo ninapokwenda. Usiku mtu akilala anajua amelala kwake. Huko sijui ni kwa nani.

Nina jirani hapa, kuli wa bandarini, mguu umevunjwa na sanduku lililokatika kamba. Anaitwa Kulwa, ni Msukuma, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani wake hauna likizo. Tangu asubuhi ananiuliza shuka langu nimemwachia nani. "Karani, Mzaramo na mkono wapi na wapi? Nyinyi kazi yenu kucheza ngoma, na ngoma huchezwa kwa kiuno. Kiuno unacho." Akasikia kwamba wataukata mfupa wa nyonga. Akacheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. "Basi na kiuno wanakichukua. Umekwisha, mtani." Nami nikacheka, Baba, ndiyo mara ya kwanza, halafu nikajikuta machozi yananitoka, naye akageukia upande wa pili akajifanya anatafuta tumbaku.

Kengele ya kutazama wagonjwa inalia. Mama alisema atakuja na lori la mchana. Naificha karatasi chini ya mto.

*

Baba, naendelea. Wamekwisha kuondoka. Adhana ya alasiri imepita na sijui nianzie wapi, mkono huu nao umechoka sasa, mwandiko utazidi kuwa mbaya.

Mama alikuja. Nyuma yake akaja Baba Mdogo.

Nilipomwona mlangoni, amevaa kanzu yako ya kijivu, ile aliyogawiwa kwenye matanga, moyo ulinishuka. Nilidhani ni wewe, halafu nilitamani angekuwa wewe. Kumbe habari zilimfikia Mlandizi. Dereva wa lori alimwambia mwanao karani anakwenda kuchanjwa mkono kama nyama. Alinawa mikono kwenye beseni la dresa, akakaa kitandani, akafumba macho, akanishika. Vidole vyake vilikwenda polepole kutoka kiwikoni mpaka kifundoni. Vilipofika pale palipopinda vilisimama.

Kulwa hakuweza kunyamaza. Akamwambia, "Mzee, usimwibie daktari kazi, mfupa huo kesho una mwenyewe." Baba Mdogo, macho bado yamefumba, akamjibu, "Msukuma, wewe nyamaza, wako ulikosewa tangu kuzaliwa." Wodi nzima ikacheka. Kisha akafungua macho, na hakuwa anacheka.

Akasema, na aliyasema kwa sauti ya chini kwa kuwa hakutaka wengine wasikie: "Niliufungua mapema. Nilimwona kuku anatembea nikamwamini kuku. Kaka angetia vidole kwanza. Mimi sikutia."

Akasema tangu aliposikia nimekwenda kwa dresa, ule mkoba wako ameutundika darini. Alikuja mgema aliyeanguka mnazini, mguu umevunjika, wakamlaza barazani, naye akawaambia wampakie lori wampeleke mbele, yeye hana tena mikono. Na akasema jambo moja ambalo lilinikata. Alisema, "Kaka haji tena."

Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, pindo la khanga liko mdomoni. Baba, nilikuwa nimeapa. Nikifungua mdomo namvua nguo mama yangu mbele ya shemeji yake. Nikiufunga namwacha ndugu yako aende zake Janga anajichukia kwa kosa ambalo ni la kicheche. Niliutazama mlango, nikaomba dresa aje, aseme muda umekwisha. Huyo ndiye mimi, Baba. Ningeliacha lipite.

Mama ndiye aliyesema. Aliliachia pindo la khanga, akasema, "Shemeji, yule kuku alikuwa wangu."

Baba Mdogo hakuelewa. Akasema kuku wote walikuwa wake. Mama akasema, "Si yule uliyemvunja. Yule alikwenda na kicheche. Huyu nilimnunua mzima." Akamweleza yote, amesimama vile vile, bila kulia, kama mtu anayesimulia habari za kijiji kingine. Alipomaliza alilifunga upya pindo la khanga. Kwingine watu walikuwa wanamenya machungwa.

Nilingoja Baba Mdogo akasirike. Kweli alisimama. Akaenda mpaka dirisha la pili akatugeuzia mgongo. Nilimwona anaihesabu tasbihi yake, nikajua hahesabu kitu. Alipogeuka akamwuliza Mama, "Mlandizi ulikwenda kwa miguu?" Mama akasema ndiyo. "Na jua lile?" Mama akasema jua lilikuwa halijatoka. Akatikisa kichwa. Akasema, "Shemeji, umenifanyia jambo baya." Mama akasema, "Najua." Basi. Mama hakuomba msamaha kwa maneno mengi.

Kisha akasema, na hili nimelishika neno kwa neno: "Lakini kuku ni kuku. Vidole ni vyangu. Hata angetembea yule wa kwanza, ningepaswa kupapasa."

Nilidhani Mama amemwondolea mzigo. Kumbe alikataa kuuweka wote chini.

Ndipo daktari akapita, na sijui ujasiri niliupata wapi, nikamwomba amwonyeshe mzee wangu ile picha ya mifupa. Akaisimamisha kwenye mwanga. Baba Mdogo aliitazama muda mrefu. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Mkono wake ulikuwa hewani, unavifuata vile vipande bila kuvigusa. Akasema, "Miaka yote nimevishika hivi gizani. Kumbe ndivyo vilivyo." Akavihesabu kwa midomo. Akaniuliza mimi, si daktari, kama hiki kidogo kimeingia ndani ya kiungo. Nikasema ndiyo, daktari amesema hata kingefungwa zaidi kingeweza kukaa vibaya. Akasema, "Hiki hata kaka asingekishika." Akaitazama tena. "Au angekishika. Sijui." Na daktari akaichukua picha yake akaenda kwa mgonjwa mwingine, hakujua alichokifanya.

Baba Mdogo akarudi kitandani. Akaniwekea mkono kichwani. Nilikuwa sijamwomba. Alisema, "Mimi nasimama mahali pa kaka. Nenda ukapasuliwe, na radhi zetu zitangulie." Akasoma Fatiha, akanipulizia mkononi, na Kulwa kule kitandani kwake, mtu asiye wa dini yetu, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko sisi. Kisha akaniambia shuka sasa hataki tena, lina dua nyingi, litamwasha.

Waliondoka pamoja. Niliwatazama dirishani. Baba Mdogo alikuwa mbele, Mama nyuma, na katikati yao palikuwa na nafasi ambayo zamani haikuwapo. Zamani wale walikuwa hawapiti njia bila kutaniana. Wewe ulikuwa unalalamika kwamba mkeo na mdogo wako wanakuchosha kwa kelele. Leo hawakusemezana mpaka wakapinda kona. Hilo nalo limeniingia, Baba, juu ya yale mengine. Nimepata radhi niliyoitaka na sasa naogopa nimeinunua kwa kitu kikubwa.

Siri niliyokuomba mwanzo, basi, kwa Baba Mdogo imekwisha kutoka. Kwa majirani wa Janga bado, nakuomba uishike. Wakijua watamwita Mama jina, unawajua.

Na kama hujakasirika naye, mwendee. Mwendee usiku huu hata kidogo, hata usimwambie neno. Kuna mgema ambaye mguu wake umekwenda na lori, na kesho atakuja mwingine.

Mimi bado naogopa. Radhi haikuondoa hofu, imeipa mahali pa kukaa tu. Natamani nikuandikie kwamba nimetulia na siwezi, hukunifundisha kusema uongo. Nafikiri kile chuma kikiingia. Nafikiri nikiamka nikatazama chini ya shuka nikakuta urefu wa mkono haufiki mwisho. Nafikiri kijana wa kitini pangu anavyoandika herufi zake nzuri. Halafu namfikiria Mama kwenye njia ya Mlandizi, giza, anatafuta rangi ya majivu, na naona haya kuogopa.

Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa mengine hayamo mikononi mwangu. Nikiamka, hata mkono uwe namna gani, nitakwenda Janga kabla ya kwenda Kisarawe. Nitakaa kati ya Mama na Baba Mdogo pale barazani, na sitaondoka mpaka mmoja wao amtanie mwenzake. Nikikosa kazi kwa kuchelewa, nitakuwa nimeikosa. Nisipoamka, kazi hiyo itakuwa yako.

Kwaheri, Baba. Sikukuaga vizuri ulipokufa. Nilikuwa Kisarawe, nikafika umekwisha funikwa. Leo nakuaga kwanza, iwe nimefanya hivyo angalau mara moja. Mimi mwanao, Rajabu.

Ukitaka kunipata, hospitali iko upande wa bahari, paa jekundu. Usipite lango kubwa, kuna askari anayeuliza watu wanamtaka nani. Pita nyuma, kwenye miti ya mwarobaini ambako wanaanika mashuka. Wodi ya wanaume ni ya kwanza ukipanda ngazi. Kitanda changu ni kile cha dirishani, na wa pili yake ni mtu mwenye mguu uliotundikwa kwa kamba, naye akikusemesha mjibu, hana ubaya. Ukikuta kitanda kitupu wamekwisha nichukua. Fuata ukumbi mpaka mlango wenye kioo cha ukungu. Wanasema usingizi wa humo hauna ndoto, kwa hiyo usinitafute usingizini. Simama tu. Upande wa kulia watakuwa na kazi. Wewe simama kushoto, karibu na kichwa, nikifungua macho nikuone kwanza.